Omega ya dhahabu ya miaka ya 1950: uzuri wake uko wapi, na pa kukagua kabla hujalipa

Saa za dhahabu za Uswisi za zamani ni nyingi, na bei zake zinatofautiana kama mbingu na ardhi. Hapa tunaangalia aina moja ambayo bado inapatikana sokoni na mafundi wengi wanaijua: Omega ya kutia ufunguo kwa mkono, kasha la dhahabu ya karati 18, mashine ya milimita 30, sekunde ndogo chini mahali pa 6. Kasha lina upana wa milimita 35 hivi, mara nyingine 36. Za 37 na 38 zipo, ila ni chache na wauzaji wanajua hivyo. Unene, pamoja na kioo cha plastiki kilichoinuka katikati, ni milimita 8 au 9, kwa hiyo inapita chini ya mkono wa shati uliofungwa kifungo, au wa kanzu, bila kukwama. Haina tarehe wala betri.

Mvuto wa saa hii ni kwamba haina pa kujificha. Kwenye saa kubwa ya michezo yenye pete, namba na maandishi tele, kosa dogo linapotelea humo humo. Kwenye uso mtupu wenye alama 11 za dhahabu na duara moja la sekunde, alama ikipinda kidogo tu jicho linaikamata. Waliotengeneza uso huu walilazimika kuwa sahihi. Chukua lenzi uangalie alama moja kwa karibu: haikuchapwa, ni kipande cha dhahabu kilichokatwa kikawa na mgongo katikati, upande huu na upande ule, na kimepachikwa kwa vijiti vidogo vilivyopita kwenye matundu ya uso. Ukigeuza mkono, upande mmoja unang'aa na mwingine unakuwa mweusi. Mshale wa dakika uko hivyo hivyo. Ndiyo maana saa ya dhahabu yenye uso wa rangi ya fedha, ambayo kwenye picha ya simu inaonekana imepauka, mkononi inasomeka vizuri.

Mashine yenyewe Omega iliitoa mwaka 1939 kwa jina la 30T2. Hiyo 30 ni kipenyo chake kwa milimita. Unene ni milimita 4 tu, ila wahandisi hawakubana upana: balansi, yaani gurudumu linalokwenda na kurudi kupima muda, ni kubwa, pipa la springi kuu ni kubwa, na magurudumu yana nafasi. Inapiga mara 18,000 kwa saa, yaani mara 5 kwa sekunde. Kwenye mashindano ya usahihi ya Kew-Teddington kule Uingereza, na ya Geneva na Neuchâtel, mashine za familia hii zilizorekebishwa kwa mkono zilichukua nafasi za juu miaka ya 1940 na 1950. Zilitengenezwa hadi 1963, takriban milioni 3 kwa jumla. Baadaye majina yalibadilika yakawa namba: 265, 266, 267, 268 na 269 ni za sekunde ndogo, za 280 na kitu zina mshale wa sekunde katikati. Fundi aliyejifunzia mashine za zamani huwa ameshafungua angalau moja, na vipuri bado vinapatikana, jambo ambalo huwezi kulisema kwa kila saa ya umri huu.

Kati ya sekunde ndogo na sekunde za katikati, chagua ndogo. Si suala la sura peke yake. Mashine hii ilibuniwa na sekunde chini; ili kuzipeleka katikati iliongezwa gurudumu la ziada juu ya mashine pamoja na kispringi chembamba cha kuutuliza mshale. Kispringi kikichoka, mshale wa sekunde unaanza kutetemeka, au unasimama kidogo kisha unaruka. Kikikazwa kupita kiasi kinaibia mashine nguvu. Na gurudumu hilo la ziada linataka kifaa maalumu cha kuling'olea. Fundi asiye nacho hutumia bisibisi mbili, na alama za bisibisi hizo utaziona ukifungua kifuniko.

Tuje kwenye dhahabu, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoibiwa.

Ndani ya kifuniko cha nyuma cha kasha la Uswisi la karati 18 tafuta vitu vitatu: jina la Omega, alama ya 0.750, na muhuri mdogo wa kichwa cha mwanamke kwa ubavuni, yaani Helvetia. Mara nyingi muhuri huo unarudiwa nje, nyuma ya masikio ya kasha pale mkanda unaposhikia. Kwa karati 14 muhuri ulikuwa kindi. Mihuri hii miwili ilitumika hadi 1995, ikabadilishwa kuwa kichwa cha mbwa wa Saint Bernard. Kwa hiyo ukiambiwa saa ni ya 1954 na ndani kuna kichwa cha mbwa, kasha hilo halikuzaliwa na saa hiyo. Huhitaji mjadala zaidi.

Si kila kasha halali lilitengenezwa Uswisi, hata hivyo. Kwa soko la Marekani mashine ziliingizwa peke yake na kuvalishwa makasha ya huko huko ili kupunguza ushuru, mengi yakiwa ya karati 14. Mashine hizo huwa na herufi OXG kwenye daraja la balansi. Kwa soko la Uingereza kampuni ya Dennison ya Birmingham ilitengeneza makasha ya karati 9, yenye 375 na nanga, alama ya mji huo. Hizi zote ni Omega halisi. Lakini karati 9 ni asilimia 37.5 tu ya dhahabu, karati 14 ni 58.5, na karati 18 ni 75. Anayekuuzia ya karati 9 kwa bei ya karati 18 kwa kisingizio kwamba "ni dhahabu tupu" amekutupia nusu ya ukweli.

Halafu kuna zisizo dhahabu tupu kabisa. Ukiona "plaqué or" na maikroni 20, hiyo ni ngozi ya dhahabu yenye unene wa milimita 0.02 juu ya chuma kingine. Zipo pia zilizovishwa bamba nene zaidi la dhahabu juu ya chuma cha pua, na hizo huvumilia miaka mingi. Usingoje muuzaji akuambie. Angalia ncha za masikio, ukingo wa ndani pale mkanda unaposugua, na sehemu ya kasha iliyo jirani na ufunguo, ambako kucha na kidole hupita kila siku. Dhahabu ya juu ikiisha, rangi ya kijivu au ya shaba huchungulia hapo kwanza. Kama kifuniko cha nyuma ni cha chuma cha pua na mbele ni dhahabu, basi si kasha la dhahabu tupu.

Kuhusu uzito: saa nzima ikiwekwa kwenye mizani ya sonara, namba unayoiona ina mashine, kioo na mkanda ndani yake. Dhahabu ni kasha peke yake. Tuseme kasha tupu lina gramu 12 za karati 18. Dhahabu safi humo ni gramu 9. Zidisha kwa bei ya gramu ya siku hiyo na unapata sakafu ya bei, chini ya hapo muuzaji mwenye akili hauzi. Dhahabu ilipopanda sana mwaka 1980 makasha mengi yaliyeyushwa na mashine zikabaki bila nyumba. Baadhi zilikuja kuvalishwa makasha mapya ya dhahabu yasiyo na jina la Omega ndani. Hizo huitwa ndoa, na zinaweza kuwa saa nzuri za kuvaa, ila bei yake ni ya dhahabu jumlisha mashine, basi. Na kama unampelekea sonara apime, mwambie mapema asisugue kasha kwenye jiwe mahali panapoonekana. Asugue ndani ya kifuniko, au atumie mashine ya mionzi kama anayo, ambayo haiachi mkwaruzo.

Sasa jambo linalopaswa kuamua ununuzi: kasha limesuguliwa mara ngapi. Mashine iliyochoka hutengenezwa. Kioo hubadilishwa kwa dakika chache. Dhahabu iliyoliwa na gurudumu la polishi haiko tena kwenye saa, na hakuna fundi atakayeirudisha bila kuongeza dhahabu nyingine kwa kulehemu. Karati 18 ni laini. Sonara anayezoea pete na bangili, ukimpa saa "aing'arishe kidogo", ataibonyeza kwenye buffu na kingo zote zitalala kwa mara moja.

Namna ya kujua ni rahisi. Shika saa chini ya taa ya tyubu na utazame mstari wa mwanga ukipita juu ya sikio la kasha. Kwenye kasha ambalo halijaguswa, mstari unapita umenyooka na kukatika ghafla kwenye ukingo. Kwenye lililosuguliwa unapinda, unatambaa hadi ubavuni, na huoni ukingo uko wapi. Kisha linganisha masikio yote manne. Gurudumu la polishi halili sawasawa, na moja karibu kila mara huwa jembamba kuliko mengine. Mwisho angalia muhuri wa nje. Kichwa cha Helvetia chenye pua na nywele zinazosomeka ni dalili njema. Kikiwa kivuli tu, umeshajibiwa. Mikwaruzo midogo ya kuvaliwa isikukatishe tamaa, wala madoa ya wekundu au rangi ya machungwa yanayotokea kwenye dhahabu iliyokaa sandukuni miaka mingi. Hayo hutokana na madini mengine yaliyochanganywa na dhahabu, na wanunuzi wenye uzoefu huyaongezea bei kwa sababu yanathibitisha kwamba hakuna aliyepita hapo na buffu.

Kagua pia matundu ya pini za mkanda. Dhahabu laini na pini ya chuma haviwezi kusuguana miaka sabini bila tundu kuwa la yai. Pini ikicheza, ipo siku itachomoka na saa itaanguka sakafuni. Tundu hujazwa kwa kulehemu kwa leza kwa waya wa dhahabu ya karati ile ile. Kulehemu kwa moto na risasi ya fedha huacha mstari wa kijivu unaoonekana milele, na kama mtu amefanya hivyo bila kutoa mashine, uso umeshaharibika.

Uso ndio nusu ya pili ya thamani, na uso uliopakwa upya ni wa kawaida kuliko unavyodhani. Maneno SWISS MADE chini kabisa yawepo, yasikatwe na ukingo. Mstari wa dakika uwe na vistari vyenye unene mmoja, na kila cha tano kielekee katikati ya alama yake ya dhahabu; aliyepaka upya hukosea hapo kwanza. Duara la sekunde liwe na mistari ya mviringo iliyochongwa, myembamba kiasi cha kushika mwanga, si rangi bapa. Ukiruhusiwa kutoa mashine kwenye kasha, angalia ukingo wa uso: kipengo kidogo kilichokatwa kwa tupa ni alama ya waliopaka upya, wanaitumia kuweka mhuri wa chapa mahali pake. Mishale nayo ina la kusema. Ule wa dakika ufike kwenye mstari wa dakika. Ukiishia njiani, umetoka kwenye saa nyingine.

Uso wa asili uliogeuka rangi ya maziwa, au wenye vidoadoa vya umri, ni bora kuliko mpya unaometa. Na usikubali fundi aufute kwa pamba yenye maji au dawa. Maandishi yamechapwa juu ya vanishi, hutoka pamoja na uchafu, na jina la OMEGA likishaondoka halirudi. Nyuso za aina hii nyingi hazina rangi ya kung'aa gizani. Chache za kabla ya miaka ya 1960 zilizo nayo zilitumia radiamu: isikwanguliwe, na fundi aambiwe.

Kufungua kifuniko kunataka adabu. Makasha mengi ya dhahabu ya aina hii hayana uzi, kifuniko kinabanwa tu, na kuna kijipengo cha kuingizia kisu cha fundi. Kisu kikiteleza kinachora dhahabu. Gundisha utepe wa karatasi pembeni mwa kijipengo kwanza. Ndani, mashine za miaka ya 1950 zina rangi ya shaba nyekundu inayopendeza sana, na rangi hiyo inakusaidia: mkwaruzo wowote wa bisibisi, unyevu au kutu ya zamani huacha doa lisilofichika. Namba ya mashine inakupa umri wa kukadiria. Milioni 13 na kitu iko karibu na 1952, milioni 15 karibu na 1956. Skrubu mbili zinazoshikilia mashine kwenye kasha ziwepo zote. Moja ikikosekana utasikia mashine inagonga ukitikisa saa taratibu karibu na sikio.

Jaza ufunguo hadi ugome. Unapaswa kusikia mlio mwembamba wa kufanana mwanzo hadi mwisho, bila kuruka. Kisha iwekwe kwenye mashine ya kupimia mwendo, uso ukiwa juu. Hapo mpimaji lazima aingize pembe ya kunyanyua ya mashine hii, yaani nyuzi ambazo balansi hupita wakati nanga, uma mdogo ulio kando yake, inapoisukuma. Akiacha ile ya 52 ambayo kifaa huja nayo, namba ya upana wa mzunguko wa balansi inaweza kuwa ya uongo. Ikiwa imejazwa, nyuzi 270 hadi 300 ni afya njema. Chini ya 220 ni mafuta yaliyokauka, springi kuu iliyolegea au uchafu kwenye vito, yaani mawe madogo yanayoshika ncha za magurudumu. Tofauti ya mapigo ya kwenda na kurudi isizidi milisekunde 1. Mwendo wa kupoteza au kuzidisha sekunde 10 hadi 15 kwa siku unatosha kabisa kwa saa ya umri huu. Ikikimbia dakika kadhaa kwa siku usiogope haraka: mara nyingi springi ya balansi imepata sumaku kutoka kwenye spika, kava ya simu au mkoba wenye kifungo cha sumaku, na mizunguko yake inagusana. Kifaa cha kuondoa sumaku ni cha bei ndogo na kazi ni ya sekunde chache.

Muuzaji akisema "imefanyiwa sevisi" bila karatasi, hesabu kwamba haijafanyiwa na utoe gharama hiyo kwenye bei. Sevisi ya kweli ni kufungua kila kipande, kuosha, kusafisha matundu ya vito kwa kijiti, kubadilisha springi kuu, kisha mafuta tofauti mahali tofauti: Moebius 9010 kwenye magurudumu ya kasi na balansi, D5 au HP1300 kwenye yanayobeba nguvu, 9415 kwenye mawe ya nanga. Ncha za mhimili wa nanga hazitiwi mafuta kabisa. Ukitaka kumpima fundi, muulize swali hilo tu. Anayepuliza petroli na kudondosha mafuta ya cherehani atakurudishia saa inayotembea, na baada ya miezi michache ncha za balansi zitakuwa zimelika.

Kwa mwambao, kuanzia Mombasa hadi Unguja na Muscat, adui ni unyevu na jasho. Hii si saa ya maji hata kidogo. Kifuniko cha kubana na kioo cha plastiki havizuii mvuke. Vua kabla ya kutawadha, kuoga au kuosha vyombo. Ukungu ukionekana ndani ya kioo, saa iende kwa fundi siku hiyo hiyo, kwa sababu mashina ya chuma ya magurudumu hupata kutu upesi. Mkanda wa ngozi, mara nyingi wa milimita 18 kwenye masikio, huoza kwa jasho kabla haujachakaa. Kuwa na miwili uibadilishe badilishe ikauke. Manukato na udi wa mafuta visiguse ngozi wala kasha.

Mwanamume Muislamu ana swali jingine la kujibu kabla ya haya yote, maana dhahabu kwake ni haramu. Mashine hiyo hiyo, uso wa mtindo huo huo, ipo kwenye makasha ya chuma cha pua. Hayo yanavumilia zaidi na kingo zake huwa zimebaki kali, na ungali na mashine ya 266 au 267 ndani. Ila kagua kwamba alama, mishale na pini ya mkanda havina dhahabu, kwani wengine huweka alama za dhahabu kwenye kasha la chuma. Kwa mwanamke, milimita 35 inakaa vizuri mkononi bila kuonekana ya kuazima, na hapo kasha la dhahabu linamfaa moja kwa moja.

Saa ikienda kwa fundi, andikiana naye kabla hajaifungua: kasha lisisuguliwe, uso usiguswe, na vipuri vyote vya zamani virudi ndani ya mfuko. Ufunguo wa asili wenye nembo ya Omega, hata meno yake yakiwa yamelainika, na kioo cha zamani chenye kinembo kidogo cha Omega katikati kinachoonekana kwa lenzi, vina mnunuzi. Mikwaruzo ya kioo hicho huondoka kwa dawa ya kusugulia plastiki na kitambaa, dakika tano za kusugua kwa mviringo, huku utepe ukiwa umefunika dhahabu pembeni.